Skripti inaposhindwa kuingiza moduli kwenye Windows: Tafuta chanzo kabla ya kufuta kompyuta

WATUMIAJI wa kompyuta wanaojifunza kuandika skripti hukutana mapema na kosa moja ambalo huwakatisha tamaa wengi: programu imesakinishwa, hakuna onyo lolote lililojitokeza, lakini skripti ikiamriwa kufanya kazi hujibu kwamba moduli inayohitajika haipo.

Katika Bombambili, kata iliyomo ndani ya Manispaa ya Songea mkoani Ruvuma, zaidi ya kilomita 900 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, kosa hilo lina gharama ambayo waandishi wengi wa miongozo ya kompyuta hawaifikirii. Mwongozo ulioandikiwa msomaji wa Ulaya au Marekani humwambia asakinishe upya, kana kwamba intaneti ni maji ya mto. Anayenunua kifurushi cha simu kwa megabaiti hulipa kila anapojaribu.

Gharama ya pili ni nzito zaidi. Ushauri ambao mwenye kompyuta hupewa mara nyingi anapokwama ni "kupiga Windows" upya, yaani kufuta diski na kusakinisha mfumo wote kuanzia mwanzo. Kwa kosa la aina hii ushauri huo haufai. Nyaraka hupotea, fundi hulipwa, na baada ya siku mbili kosa lile lile hurejea, kwa kuwa chanzo chake hakikuwa Windows.

Mfano unaofaa ni wa mwalimu wa sekondari anayetaka skripti ya lugha ya Python imjumlishie alama za wanafunzi zilizomo katika jedwali la Excel. Amesakinisha moduli ya openpyxl, ambayo ndiyo inayosoma majedwali hayo. Ameyaona kwa macho yake maneno "Successfully installed". Dakika moja baadaye skripti inamjibu "No module named 'openpyxl'". Katika diski hiyo hiyo zimo alama za mwaka mzima ambazo hazina nakala popote.

Mwalimu huyo hajadanganywa na kompyuta. Majibu yote mawili ni ya kweli, na kuelewa jinsi yanavyoweza kuwa ya kweli kwa pamoja ndiko kunakomaliza sehemu kubwa ya tatizo.

Python hutafuta wapi

Skripti ni faili la maandishi lenye amri, na ni nadra kujitosheleza. Mwanzoni mwake huandikwa neno "import" likifuatwa na jina la moduli, yaani faili au kabrasha jingine lenye kazi zilizokwisha andikwa na watu wengine.

Python inapokutana na neno hilo haitafuti katika kompyuta nzima. Inayo orodha ya makabrasha, iitwayo sys.path, na huyapitia kwa mpangilio. Kwanza hutazama kabrasha ilimo skripti yenyewe. Kisha hutazama makabrasha yaliyotajwa katika PYTHONPATH, ikiwa mtumiaji aliiweka, halafu maktaba sanifu iliyokuja na Python. Mwisho huingia katika kabrasha la site-packages, ambamo pip, chombo cha kusakinishia moduli, huweka kila kinachopakuliwa.

Ikipata jina linalolingana husimama papo hapo, hata kama kilichopatikana sicho kilichokusudiwa. Isipopata popote hulalamika, hata kama moduli imelala kabrasha la jirani.

Makosa mengi yanayoelezwa hapa chini yanatokana na tabia hizo mbili. Kinachokosekana mara nyingi si moduli, bali ni mapatano kati ya mahali ilipowekwa na mahali inapotafutwa.

Mstari wa mwisho husomwa kwanza

Kosa la Python huja kama kifungu cha mistari mingi, na wengi huanza kukisoma juu. Ni kinyume chake. Mstari wa chini kabisa ndio unaotaja kosa lenyewe. Ya juu yake huonyesha njia iliyopitiwa kulifikia.

Mstari huo ukianza na "ModuleNotFoundError", jina lililoanza kutumika katika Python 3.6 mwaka 2016, maana yake hakuna moduli yenye jina hilo katika orodha nzima ya makabrasha. Ukisema "cannot import name", moduli imepatikana lakini ndani yake hakikuonekana kitu kilichoombwa. Ukisema "DLL load failed", moduli imepatikana na kutambuliwa, ila mojawapo ya mafaili yake ya mfumo imekataa kufunguka.

Ni magonjwa matatu tofauti, na dawa ya moja haitibu jingine. Hata hivyo mengi huishia kuelezwa kwa fundi kwa neno moja tu, kwamba kompyuta "imegoma". Afadhali mtumiaji anakili maneno yote ya kosa na kuyahifadhi katika faili la Notepad kabla ya kufunga dirisha.

Ugumu wa lugha haukwepeki. Microsoft ilitoa vifurushi vya Kiswahili kwa matoleo kama Windows 7 na Windows 10, na mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Makosa ya Python hayakuguswa na juhudi hizo. Hata kwenye Windows iliyowekwa kwa Kiswahili, hujitokeza kwa Kiingereza.

Python mbili katika kompyuta moja

Hiki ndicho chanzo kinachostahili kuchunguzwa kabla ya vingine, na ndicho kilichompata mwalimu wa mfano wetu.

Kompyuta moja inaweza kuwa na Python tatu au nne bila mwenyewe kujua. Moja ilisakinishwa na mwenye kompyuta wa awali. Ya pili ilipakuliwa kutoka tovuti ya python.org. Ya tatu ilikuja ndani ya programu ya kuandikia skripti, kama Thonny, ambayo hubeba Python yake yenyewe. Ya nne ni Anaconda, iliyowekwa kwa ajili ya somo la takwimu. Kila moja ina site-packages yake, na hakuna inayotazama ya mwenzake.

Mtumiaji anapoandika "pip install openpyxl", Windows huiita pip ya kwanza inayoikuta. Anapoendesha skripti, huenda akatumia Python nyingine kabisa. Moduli imesakinishwa kweli, na kweli haipo.

Kipimo ni cha sekunde chache na hakitumii intaneti. Katika dirisha la amri, yaani Command Prompt, mtumiaji aandike:

where python

Windows itaorodhesha kila Python inayoifahamu, na ya juu ndiyo inayoitwa kwanza. Anayetumia PowerShell aandike "where.exe python", kwa sababu humo neno "where" peke yake lina kazi nyingine na halitajibu chochote cha maana.

Kisha mistari miwili ifuatayo iwekwe mwanzoni mwa skripti inayogoma, juu ya mistari mingine yote ya "import":

import sys
print(sys.executable)

Skripti itakapoendeshwa itataja Python inayoitumia, pamoja na kabrasha lake. Jibu likitofautiana na mstari wa kwanza wa orodha, mgonjwa amepatikana.

Tiba yake ni kuacha kabisa mazoea ya kuandika "pip" peke yake. Badala yake iandikwe:

python -m pip install openpyxl

Amri hiyo humlazimisha pip kusakinisha ndani ya Python ile ile inayotajwa mwanzoni mwa mstari. Ikiwa skripti inatumia Python isiyo ya kwanza katika orodha, njia yake kamili iandikwe mahali pa neno "python", ndani ya alama za nukuu iwapo jina la kabrasha lina nafasi. Moduli ya openpyxl na mwenzake anayemtegemea hazifiki hata megabaiti moja kwa pamoja. Hapo mwalimu amemaliza, na alama za wanafunzi zipo pale pale.

Kwenye Windows 10 na 11 kuna mtego wa ziada. Tangu sasisho la Mei 2019, kompyuta isiyo na Python bado huitambua amri ya "python", lakini kinachofunguka ni duka la Microsoft. Wengi hudhani Python imeharibika, kumbe haijawahi kuwepo, au ipo lakini haikuandikishwa katika PATH, orodha ya Windows ya mahali pa kutafutia programu. Kisakinishi cha kawaida cha python.org kina kisanduku cha kuiandikisha, na kisanduku hicho huja bila alama. Aliyekiruka anaweza kufungua kisakinishi hicho hicho tena, kuchagua "Modify" na kukiweka alama, bila kupakua kitu kipya.

Kwa kompyuta zinazotumiwa na watu wengi, kama za maabara ya shule au za steshenari, iko sababu nyingine. Python husakinishwa kwa kawaida ndani ya akaunti ya mtumiaji mmoja. Pip nayo ikikosa ruhusa ya kuandika katika kabrasha kuu, huweka moduli katika kabrasha binafsi la aliyeingia wakati huo, na husema hivyo katika mstari ambao hakuna anayeusoma. Mwanafunzi wa zamu ya mchana akiingia kwa akaunti nyingine hakuti chochote.

Majina yanayofanana na yasiyofanana

Mtumiaji anaweza kusakinisha moduli sahihi mahali sahihi, kisha akaiita kwa jina lisilo lake. Jina la kusakinishia si lazima liwe jina la kuitia. Inayosakinishwa kama Pillow huitwa PIL. Opencv-python huitwa cv2. Beautifulsoup4 huitwa bs4. Scikit-learn huitwa sklearn. Python-docx huitwa docx. Pyserial huitwa serial.

Kubahatisha majina hayo ni hatari kuliko inavyoonekana. Ghala la moduli za Python, PyPI, limewahi kukutwa mara kadhaa na vifurushi vyenye madhara vilivyopewa majina yanayokaribiana na ya moduli maarufu, vikimngoja mtu atakayekosea herufi. Jina lithibitishwe katika maelezo ya moduli yenyewe kabla ya kusakinishwa.

Kosa la kinyume huwapata zaidi wanafunzi. Kijana anayejifunza moduli ya random, ile ya kuchagua namba kwa bahati, huhifadhi zoezi lake kwa jina la random.py. Kwa kuwa Python huanza kutafuta katika kabrasha la skripti, hulikuta zoezi lake na kulidhania ndilo moduli. Matokeo ni "cannot import name", au malalamiko kwamba moduli haina kitu ambacho kila kitabu kinasema inacho.

Mafaili ya csv.py, email.py na calendar.py yameleta tabu hiyo hiyo, na tiba ni kubadili jina la faili tu. Kuanzia Python 3.13, iliyotolewa Oktoba 2024, ujumbe wa kosa humshauri mtumiaji wazi kwamba abadili jina. Waliobaki na matoleo ya zamani inawapasa kuligundua wenyewe.

Windows huchangia mkanganyiko kwa kuficha viambishi vya majina ya mafaili. Skripti iliyohifadhiwa kwa Notepad inaweza kuonekana "hesabu.py" kumbe ni "hesabu.py.txt", na hakuna skripti nyingine itakayoweza kuiingiza. Katika File Explorer, chini ya "View", pawekwe alama kwenye "File name extensions". Ni badiliko la kufanya siku ya kwanza katika kila kompyuta ya kujifunzia.

Kompyuta kuukuu na mafaili ya DLL

Kosa la "DLL load failed" linahitaji subira zaidi, hasa kwenye kompyuta zilizotumika ambazo huingia nchini kutoka ofisi za ng'ambo.

Moduli nyingi kubwa hazikuandikwa kwa Python tupu. Ndani yake mna sehemu zilizoandikwa kwa lugha za C na C++, nazo hutegemea mafaili ya Microsoft yaitwayo Visual C++ Redistributable. Kompyuta isiyo na mafaili hayo huiona moduli lakini haiwezi kuifungua. Kifurushi chake hutolewa bure na Microsoft, ni kidogo, na kikiwekwa mara moja huhudumia programu nyingine nyingi. Kinapaswa kujaribiwa kabla ya jambo jingine lolote.

Sababu ya pili ni biti. Maneno "is not a valid Win32 application" katika kosa la kuingiza moduli kwa kawaida humaanisha kwamba Python ya biti 32 imekutanishwa na faili la biti 64, au kinyume chake. Kompyuta yenye uwezo wa biti 64 inaweza kuwa imewekewa Windows ya biti 32 na fundi aliyekuwa na diski hiyo tu. TensorFlow, maktaba maarufu ya akili bandia, haina toleo la biti 32 la Windows, na hakuna amri ya pip itakayolipata.

Sababu ya tatu imo katika prosesa. TensorFlow, kuanzia toleo la 1.6 la mwaka 2018, hutegemea maagizo ya prosesa yaitwayo AVX, ambayo Intel ilianza kuyauza katika prosesa za mwaka 2011. Mashine ya Core 2 Duo hainayo. Mtumiaji anaweza kusakinisha mamia ya megabaiti bila kosa lolote, kisha mstari wa "import" ukaanguka kila mara. Hakuna programu itakayoitibu hali hiyo. Ni vema kuijua kabla ya kununua kifurushi.

Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020, ina mpaka wake. Python 3.8 ndiyo ya mwisho kuikubali. Anayelazimisha toleo la juu zaidi hukutana na ujumbe kwamba faili la api-ms-win-core-path-l1-1-0.dll halipo. Wapo wanaolitafuta faili hilo katika tovuti zisizojulikana na kulinakili ndani ya System32. Huo ni mlango wa virusi, na hata likipatikana haliifanyi Windows 7 kuwa Windows 10.

Kosa jingine limeonekana tangu Juni 2024, ilipotolewa NumPy 2.0. Moduli zilizojengwa kwa ajili ya NumPy 1 zilianza kuanguka wakati wa kuingizwa, zikitaja wazi tofauti hiyo ya matoleo. Aliye na skripti ya zamani iliyokuwa ikifanya kazi aandike:

python -m pip install "numpy<2"

Alama za nukuu zisiachwe, kwa sababu dirisha la amri hulipa alama ya "<" maana nyingine.

Mtego wa gigabaiti

Katika makosa yote ya usakinishaji, hakuna linalokula fedha kama lile linalosema "Microsoft Visual C++ 14.0 or greater is required". Ujumbe huo humwelekeza mtumiaji kupakua zana za kujengea programu za Microsoft, ambazo uzito wake ni gigabaiti kadhaa. Wengi hutii.

Kwa sehemu kubwa hawakuhitaji kutii. Pip hutafuta kwanza moduli iliyokwisha jengwa tayari kwa toleo husika la Python na kwa Windows. Isipoipata, huchukua msimbo ghafi na kujaribu kuujenga humo humo ndani ya kompyuta, na hapo ndipo inapoomba zana. Mara nyingi hali hiyo hutokea kwa sababu mtumiaji amechukua toleo jipya kabisa la Python, ambalo waandishi wa moduli hawajalifikia.

Jibu la bei nafuu ni kurudi toleo moja au mawili nyuma. Kisakinishi cha Python hakizidi sana megabaiti 30. Aidha, pip inaweza kukatazwa mapema isijaribu kujenga chochote:

python -m pip install --only-binary=:all: pandas

Ikikosa moduli iliyo tayari itasema hivyo na kuacha, kabla ya kumwingiza mtu katika gharama.

Kusafirisha moduli kwa flashi

Si kila kompyuta inayohitaji moduli inahitaji intaneti. Mtu mmoja mwenye mtandao mzuri anaweza kupakua mara moja na kuwahudumia wenzake wote, wawe Bombambili, Lizaboni au Mfaranyaki, kwa flashi moja.

Kwenye kompyuta yenye intaneti aandike:

python -m pip download -d mizigo openpyxl

Kabrasha la "mizigo" litajaa moduli hiyo pamoja na zote inazozitegemea. Likinakiliwa kwenye flashi na kufikishwa kwenye kompyuta isiyo na mtandao, amri inakuwa:

python -m pip install --no-index --find-links mizigo openpyxl

Maneno "no-index" huikataza pip kugusa intaneti. Sharti ni kwamba kompyuta zote mbili ziwe na toleo moja la Python na biti zinazolingana. Zikitofautiana, anayepakua ataje sifa za kompyuta inayopelekewa. Kwa Python 3.8 ya biti 32, kwa mfano:

python -m pip download --only-binary=:all: --platform win32 --python-version 3.8 -d mizigo pandas

Kwa biti 64 huandikwa win_amd64 mahali pa win32. Pandas na NumPy za matoleo ya karibuni kwa pamoja hupita megabaiti 20, kwa hiyo darasa la wanafunzi 30 likipakua kila mmoja kwa kifurushi chake hutumia zaidi ya megabaiti 600 kwa kazi ambayo flashi ingeimaliza.

Kisichofaa kusafirishwa ni kabrasha la mazingira pepe, lile ambalo mara nyingi hupewa jina la venv. Wanafunzi hunakili mradi mzima pamoja nalo, na likifika kwenye kompyuta ya pili hujibu "No Python at", likitaja kabrasha la kompyuta ya kwanza. Limeandikiwa ndani yake anwani ya Python ya huko lilikotoka. Kinachopaswa kusafiri ni orodha ya moduli, inayotengenezwa kwa amri hii:

python -m pip freeze > mahitaji.txt

Mazingira mapya hujengwa huko iendako, kwa "python -m venv venv", na orodha hiyo husomwa kwa "python -m pip install -r mahitaji.txt". Maneno ya "no-index" na "find-links" yanaweza kuongezwa humo pia.

PowerShell inapokataa

Kuna kosa linalofanana na hayo lakini asili yake si Python. Mtumiaji akijaribu kuyawasha mazingira pepe ndani ya PowerShell huambiwa "running scripts is disabled on this system". Hiyo ni sera ya Windows ya kuzuia skripti, na kwenye kompyuta za kawaida huja ikiwa imefungwa. Hulegezwa kwa akaunti moja tu kwa amri hii, isiyohitaji ruhusa ya msimamizi:

Set-ExecutionPolicy -Scope CurrentUser RemoteSigned

Baada ya hapo skripti zilizoandikwa humo humo zitakubaliwa, na zilizotoka kwenye intaneti bila saini zitaendelea kuzuiwa. Faili moja linaloaminika linaweza kufunguliwa kwa "Unblock-File". Kuiweka sera hiyo katika hali ya "Bypass" moja kwa moja, kama baadhi ya miongozo inavyoshauri, ni kuacha mlango wazi usiku kucha.

Umeme, saa na virusi

Songea iliunganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2018 kwa njia ya kilovoti 220 kutoka Makambako, baada ya miaka mingi ya kutegemea majenereta. Hata hivyo umeme hukatika popote, na kompyuta ya mezani isiyo na UPS ikizimika katikati ya usakinishaji huacha moduli nusu nusu. Dalili yake ni onyo la "Ignoring invalid distribution" na makabrasha yanayoanza na alama ya "~" ndani ya site-packages. Makabrasha hayo yafutwe, kisha moduli moja tu irudishwe:

python -m pip install --force-reinstall --no-deps pandas

Pip huhifadhi nakala ya vilivyopakuliwa, hivyo mara nyingi marudio haya hayali kifurushi upya. Amri ya "python -m pip check" itaonyesha kama kuna moduli nyingine zisizopatana.

Programu ya kinga ya virusi nayo inaweza kulitia karantini faili moja la DLL na kuiacha moduli ikiwa na pengo. Historia yake ikaguliwe kabla ya kulaumu pip. Kuizima kabisa katika kompyuta inayopokea flashi za kila mtu si busara.

Ziko pia kompyuta zinazokataa kupakua moduli yoyote na kutaja "certificate verify failed". Katika mashine kuukuu, cha kutazama kwanza ni saa iliyo pembeni mwa skrini. Betri ndogo ya mviringo kwenye ubao mkuu, kwa kawaida aina ya CR2032, ikiisha, kompyuta hurudi miaka mingi nyuma kila inapozimwa, na vyeti vya usalama vya tovuti huonekana havijaanza kutumika. Tarehe ikirekebishwa, pip huendelea na kazi. Betri mpya hulimaliza tatizo hilo kwa miaka kadhaa.

Windows ikilazimika kusakinishwa upya kwa sababu nyingine, kama vile diski kuanza kufa, faili la mahitaji.txt, kabrasha la mizigo na nyaraka zote zitolewe kwanza kwenye diski ya nje na kufunguliwa katika kompyuta nyingine ili kuthibitisha kwamba zinasomeka. Kwa kompyuta za Windows 7 kisakinishi cha Python 3.8 kihifadhiwe pamoja navyo. Toleo hilo liliacha kupata marekebisho ya usalama Oktoba 2024, na moduli mpya zinazolikubali zinazidi kupungua.